Mji Ukikosa Pa Kukaa

Kiswahili hakikutenga kukaa na kuishi. Ukimwuliza mtu "Unakaa wapi?" hukusudii kiti wala mkeka, unauliza nyumba yake, mtaa wake, pengine na jamaa zake. Katika kitenzi hicho kimoja tumechuma mkazi, makazi na makao. Ukipanda juu zaidi, kwenye mambo ya utawala, utakuta kitenzi kile kile kimetangulia kufika: wakubwa hufanya kikao, kikao huongozwa na mwenyekiti, na anayetaka kuingia Bungeni husemwa kuwa anawania kiti. Kisha lipo neno baraza, ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Baraza ni lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na baraza ni mawaziri waliokutana na Rais wao. Hata chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1967 kuilea lugha yetu kiliitwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mpenzi wa mashairi ataongeza diwani: yupo diwani wa kata, anayeulizwa habari za mifereji na taka, na ipo diwani ya mashairi, iliyotulia kabatini. Ngeli tu ndiyo inayowatenganisha.

Sidhani kuwa haya ni mambo ya kubahatisha. Lugha huweka kumbukumbu ambazo wenyewe tumezisahau, na kumbukumbu hii yasema kwamba kwa Waswahili utawala ulikuwa jambo la watu waliokaa pamoja wakasikilizana. Ndiyo maana napenda kuzungumza leo juu ya kukaa, nikiwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye mazoea ya kutembea jioni. Hoja yangu ni nyepesi kuisema: siasa ya mji, starehe zake ndogo na ushairi wake vimelelewa mahali pamoja, nako ni pale watu wanapoweza kukaa bila kulipa na bila kuulizwa wanasubiri nini. Mahali hapo panapungua. Nasi wapenzi wa lugha, tuliopaswa kuwa wa kwanza kupiga yowe, tumeinamia karatasi tunahesabu mizani.

Tuanze na jiwe lenyewe. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na vivyo hivyo Lamu na katika mitaa ya kale ya Mombasa, baraza lilikuwa sehemu ya nyumba iliyotolewa nje kwa makusudi. Mwenye nyumba alijenga kiti ambacho yeye mwenyewe hangekimiliki peke yake. Mgeni alipokewa pale bila sitara ya wa ndani kuguswa, jirani alipumzika pale akitoka msikitini, na mpita njia aliyechoka na jua hakuhitaji ruhusa. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka uliofuata. Wageni hupiga picha milango ya nakshi, na milango hiyo yastahili. Lakini mlango hufungwa. Lile baraza lililo kando yake halijapata kufungwa hata siku moja, na mimi nauona urithi zaidi hapo.

Dar es Salaam haikuwa na mawe mengi, ila ilikuwa na nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kwa nyuma, na mbele kibaraza chini ya paa lililotokeza. Kariakoo, mtaa ulioitwa hivyo kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ulijaa nyumba za namna hiyo. Hapo ndipo mji ulipojifunza kuzungumza. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya mtaa ulioitwa New Street, ambao leo tunauita Lumumba, pembezoni mwa mitaa hiyo ya vibaraza. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zilikulia huko huko. Chama na mpira vimenyonya ziwa moja, na atakayestaajabu kwamba mpaka leo mazungumzo yetu ya siasa yana lugha ya ushabiki, na ya ushabiki yana lugha ya siasa, ajue udugu wao ni wa tangu utotoni.

Sasa nizitaje starehe zenyewe, maana baraza bila kitu mkononi ni kungojea tu. Ya kwanza ni kahawa. Muuza kahawa huja na birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo, na mlio ule hutosha, hahitaji kunadi. Kahawa yake ni chungu, haina sukari. Utamu umewekwa kando, kwenye kashata ya karanga au ya nazi. Mtu hung'ata kidogo, hunywa kidogo. Waliotutangulia walijua kwamba uchungu na utamu havina haja ya kuchanganywa kikombe kimoja. Huwekwa jirani, ulimi ukaamua. Mshairi anayetaka kusema neno zito kwa wakubwa angefaa ajifunze mpango huo kabla hajajifunza vina.

Starehe ya pili ni gazeti la kusoma kwa macho. Kwenye meza ya muuza magazeti kila asubuhi husimama watu ambao hawatanunua. Husoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele, vya siasa na vya michezo, kisha huenda kijiweni wakiwa na hoja kamili. Wengine huwacheka. Mimi huwaona kama wahariri: wamepewa maneno sita, wakajaza mengine mia sita kutokana na akili zao, na mchana kutwa watayatetea mbele ya watu wasiokubali upesi.

Starehe ya tatu, na kwangu ndiyo chuo, ni bao. Ubao una mashimo 32, kila mchezaji akimiliki safu mbili za mashimo manane, na kete ni 64. Mchezo huanza kwa namua, kete zikiingizwa moja moja kutoka mkononi, kisha huja mtaji, kete zote zikiwa zimekwisha shuka ubaoni. Lipo shimo kubwa liitwalo nyumba, na mwenye hekima huilinda. Kete zikikamatwa, zimeliwa. Mwendo ukiishia kwenye shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu inahama. Yasikilize maneno hayo kwa sikio la raia: mtaji, nyumba, kula, kulala, zamu. Kwa msamiati huo wa watoto na wazee, mtu aweza kuzungumzia bajeti ya serikali jioni nzima bila kutaja jina la kiongozi hata mmoja, na wote walioinama juu ya ubao wakaelewa. "Bwana huyu amekula sana, sasa amelala." Huyo ni nani? Ni mchezaji aliye mbele yako. Na siye.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na ni mtu huyo huyo aliyetufasiria tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Sioni ajabu mambo hayo kukaa katika mtu mmoja. Bao hufundisha kuangalia mbele, kukumbuka idadi, na kumvumilia mpinzani aliye umbali wa mkono mmoja. Tafsiri ya mashairi nayo haina masharti mepesi kuliko hayo.

Nije kwenye siasa, ambako wengi hudhani watu wa vijiweni hupoteza muda. Mimi nadai kwamba huko ndiko maneno ya siasa yanakopimwa uzito, kama dhahabu ya sonara. Chukua neno takrima. Kwa asili ni neno la heshima, la kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima kwa wapiga kura, ikitenganishwa na rushwa. Neno jema likavishwa kazi ngumu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Lakini miaka hiyo yote barazani watu walikuwa wameshahukumu kwa namna ya kutamka tu: mtu alisema "takrima" akavuta silabi ya katikati, wengine wakacheka, na shauri likaisha. Hakuna kamusi inayoweza kuandika kicheko kile, ingawa ndicho kilichobeba maana.

Au chukua kuchakachua. Lilikuwa neno la vituo vya mafuta, la wale waliochanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli. Ulipofika uchaguzi mkuu wa 2010, neno hilo lilikuwa limehama kutoka kwenye pampu hadi kwenye sanduku la kura, na tangu hapo chochote kisicho safi, kuanzia cheti hadi mapenzi, kimechakachuliwa. Vivyo hivyo ruksa, lililoganda kwenye jina la Mzee Ali Hassan Mwinyi kwa milango aliyoifungua akiwa Rais kati ya 1985 na 1995. Na vyuma vimekaza, usemi ulioeleza ukata wa mifukoni kwa maneno mawili ya fundi wa gereji. Sijui kamati ambayo ingeweza kutunga usemi huo. Ulihitaji watu waliokaa kitako, wasio na fedha, wenye muda wa kucheka.

Huko Zanzibar jambo hili limejidhihirisha wazi zaidi. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, mabaraza yakachukua rangi za vyama, na neno maskani, ambalo nalo maana yake ya asili ni makazi, likawa jina la vituo vya wafuasi. Jaws Corner katika Mji Mkongwe na Kisonge pale Michenzani ni majina ambayo Mzanzibari akiyasikia hajiulizi habari za barabara. Anajua ni maneno ya upande gani yatakayosemwa. Sisifu ubaguzi huo. Baraza la rangi moja ni kanda inayorudiwa. Lakini hata mfarakano huo unathibitisha hoja: mwenye kutaka nguvu ya siasa alianza kwa kutafuta mahali pa kukaa.

Ushairi wetu nao umetoka huko. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga juu ya ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said, na alitunga juu ya mapenzi, njaa na mambo ya nyumbani, bila kuona kwamba haya ni makubwa na yale ni madogo. Mashairi yake hayakutunzwa na mchapishaji. Yalikaa vinywani mwa watu miongo kadhaa mpaka Mwalimu Sikujua alipomsaidia W. E. Taylor kuyakusanya, na diwani yake ikachapwa mwaka 1940. Siti binti Saad wa Unguja aliyachukua mambo yaliyosemwa mitaani, yakiwemo ya kesi na dhuluma, akayapeleka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodiwa. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwafungulia watunzi ukurasa, wakalumbana na kujibizana kutoka miji iliyo mbali mbali. Lilikuwa baraza la karatasi, likifuata adabu ya baraza la mawe: umesema, nami nakujibu, kwa bahari ile ile.

Najua ya kunijibu yapo. Wa kwanza atasema kijiwe ni shule ya uvivu. Neno lenyewe ni jiwe dogo, la mtu asiye hata na kiti. Ni kweli wapo wanaokaa kwa sababu kazi haikupatikana, na umbeya nao haukosi. Lakini angalia jinsi lugha ilivyomtetea mtu huyu: pale waendesha bodaboda wanapongojea abiria pia ni kijiwe, na hakuna atakayewaambia kwamba hawafanyi kazi. Kijiwe ni mahali pa kungoja. Kama wanaongoja ni wengi, lawama zimwendee anayewangojesha.

Wa pili, na huyu ana haki zaidi, atasema: baraza unalolisifu ni la wanaume. Kweli. Kahawa ile, bao lile, yalikuwa na mara nyingi yangali ya wanaume. Siwezi kuliombea baraza lirudi na upungufu wake. Lakini wanawake wa pwani hawakukaa kimya wakingoja nafasi. Waliunda mabaraza yao. Uani palikuwa na mkeka, na mkekani watu walisukana nywele wakachambua mtaa mzima, serikali ikiwemo. Kanga nayo ilitembea na jina lake mgongoni, kwa kuwa maandishi yale tunayaita jina, na mwenye kuivaa alipita mbele ya baraza la wanaume akiwa ameshasema bila kufungua kinywa. Atakayeandika historia ya usemi wa siasa katika Kiswahili na asizisome kanga, ameandika nusu. Mji ninaoutamani ni ule ambao viti vyake vya bure havimwulizi mtu jinsia.

Hata hivyo tazama tunakoelekea. Nyumba za vibaraza za Kariakoo zimepisha maghorofa, na chini ya ghorofa mbele ni duka hadi ukingo wa barabara. Sipingi maghorofa, watu ni wengi na ardhi ni ile ile. Ninalouliza ni kwa nini katika kujenga juu tumesahau kabisa chini. Nimeyaona majengo yaliyopandisha vyuma vyenye ncha juu ya kuta fupi ili mtu asitie nyonga, na vibao vinavyokataza kukaa, vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa hata moja. Palipobaki kivuli na kiti, kiti hicho kina bei: lazima uagize kitu, ukimaliza upishe mwingine. Mtu aliyekaa kwa kununua ni mteja, na mteja huzungumza kwa saa ya mwenye meza.

Wapo wanaosema baraza limehamia kwenye simu, katika makundi sogozi. Nami nimo katika makundi hayo, na mashairi mazuri nimeyasoma huko. Lakini kwenye simu asiyependa hoja yako hujitoa kwa kubonyeza, na kiongozi wa kundi aweza kukufuta ungali unasema. Kijiweni ukimkera mwenzako atakuwapo tu, kikombe mkononi, akikutazama, na kesho mtakutana tena kwa muuza kahawa yule yule. Ulazima huo wa kukutana tena ndio ulioizaa adabu ya mafumbo. Watani wa jadi wa Simba na Yanga wanautambua: unamsema mwenzako maneno ya kumchoma, kisha unamsogezea nafasi akae. Simu ina maneno ya kuchoma tele. Nafasi ya kumsogezea mtu haina.

Basi ninaomba mambo mawili, moja kwa wenye mamlaka na moja kwa wenye kalamu.

Kwa madiwani wa kata: mnapopitisha ramani za majengo hukumbuka maegesho ya magari. Kumbukeni na maegesho ya watu. Benchi la saruji chini ya mkungu au mwarobaini, upenu uliotokeza hatua mbili juu ya njia, ukuta mfupi usio na ncha. Hayo si gharama ya kuangusha bajeti. Na kukaa kusihesabiwe kosa. Nyinyi mmepewa jina linalotumika pia kwa kitabu cha mashairi, lionyesheni.

Kwa madiwani wa aina yetu, yaani watunzi: tumekuwa na mashairi mengi ya kusifu na ya kulia mapenzi, yaliyoshonwa kwa maneno ya kamusi, lakini machache yenye harufu ya makaa ya muuza kahawa. Tukikaa mezani tu, tutapata mizani iliyotimia na ulimi usiojua mji unasema nini wiki hii. Twende tukakae. Tujifunze bao, hata kama tutaliwa nyumba kila siku, kwa kuwa maneno yake yanakufa pamoja na wazee wanaoyajua. Na kwa mwanzo wa malumbano nauweka ubeti huu mmoja wa kwangu, mwenye jibu asinihurumie:

Mji bila kibaraza, watu watakaa wapi?
Neno jipya la kukuza, litatoka kinywa kipi?
Mshairi akiwaza, atasikiza la yupi?
Si kheri kujinyamaza, tukosapo pa kukaa.

Tumezoea kumpima kiongozi kwa barabara alizojenga, yaani kwa kasi ambayo tutapitana nayo. Uchaguzi ujao, mgombea akifika mtaani kwenu akiomba kiti, muulizeni na ninyi mtakaa wapi.